Luena: Shamba lipimwe kwa kamba, si kwa hatua

LUENA – Kila msimu wa kulima unapokaribia, familia zilizokimbia vijiji vyao hutafuta shamba la kukodi. Katika mji uliokua kwa reli na makaa ya mawe, jembe ndilo linalobaki kwa asiye na kazi. Lakini shamba linalotajwa kwa hatua, "hatua 50 kwa hatua 50", linaweza kumnyima mgeni chakula kabla hajapanda mbegu hata moja.

Hatua si mita. Hatua ya mtu anayetembea kawaida ni kama sentimita 70, basi hatua 50 ni mita 35 tu. Zidisha 35 mara 35: mita za mraba 1,225. Aliyedhani analipia mita 50 kwa 50, yaani 2,500, amepata chini ya nusu. Si lazima mwenye shamba awe mwizi. Mara nyingi wote wawili hawajapiga hesabu.

Kosa lingine ni la "nusu hekta". Hekta moja ni mita 100 kwa 100, sawa na mita za mraba 10,000. Wengi hukata kila upande nusu, wakapata 50 kwa 50, wakasema ni nusu hekta. Hapana, hiyo ni robo. Nusu ni mita 100 kwa 50. Anayelipa bei ya nusu kwa robo, amelipa mara mbili.

Karatasi za kadasta zinaandika hekta, ari na santiari. Ari 1 ni mita 10 kwa 10. Ari 100 ni hekta. Santiari 1 ni mita moja ya mraba. Kiwanja, yaani lupango, chenye mita 20 kwa 30 kina ari 6. Redio za Tanzania zinataja ekari, ambayo ni karibu ari 40. Zambia wanasema lima, mita 50 kwa 50, yaani ari 25. Kwa hiyo ushauri wa kilo 10 za mbegu kwa ekari ni kilo 25 kwa hekta. Asiyejua tofauti hununua mbegu za bure au hupanda kwa upungufu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Utepe wa fundi wa kushona una sentimita 150. Unatosha kupimia kamba ya mita 10 yenye fundo kila mita. Pande zote nne zipimwe mbele ya mwenye shamba, mkodi, shahidi na shefu wa kijiji. Kisha karatasi moja iandikwe: urefu, upana, bei, msimu.

Wapo wanaosema kupimiana ni kukosa imani kati ya ndugu. Kinyume chake, kamba inalinda udugu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, lakini kijijini ugomvi wa mpaka unaanzia kwa majirani, na mgeni asiye na ukoo hapa ndiye wa kwanza kushindwa. Mashefu wa Luena wangeanza na jambo hili msimu huu: hakuna shamba la kukodi bila kamba na karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.