Mgeni Analipa Ili Amwachilie Samaki. Usicheke

Kuna watu huko Nyeri wanaamka alfajiri, wanavaa suruali za mpira zinazofika kifuani, wanaingia kwenye mto wenye maji baridi kama ya friji, wanavua samaki mmoja mdogo, wanampiga picha, kisha wanamrudisha majini. Na wamelipa! Wamelipa gari, wamelipa leseni, na wamelipa kijana wa kuwaongoza siku nzima. Ukieleza hii stori nyumbani Kaaleng wazee wanacheka mpaka wanafuta machozi. Mtu amshike samaki halafu amwachilie, kwani ameshiba nini?

Wewe pia cheka. Ukimaliza niambie, yule kijana analipwa kwa nini hasa?

Hauzi samaki. Anauza kuujua mto. Trauti hukaa akiangalia maji yanakotoka, nyuma ya jiwe ambapo mkondo umepungua nguvu, akingoja wadudu waletwe na maji. Kivuli chako kikimpitia, amekwenda. Kwa hivyo kijana anajua msimame wapi, jua likiwa upande gani, na mbogo wa msituni wanapita kunywa saa ngapi. Anajua pia leo ni nzi yupi. Nzi mwenyewe ni bandia, manyoya na uzi vimefungwa juu ya ndoano ndogo. Mshipi unarushwa nyuma na mbele hewani, nzi anatua juu ya maji kama mdudu aliyeanguka. Na usidhani ni ufundi wa mbali: Wakenya wamekuwa wakifunga hao nzi kwa mikono kwa miaka mingi na kuwauza Uingereza na Marekani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Kazi inayolipa ujuzi bila kuuliza cheti naiangalia mara mbili.

Sasa sikia kinachoniuma. Trauti si samaki wa Kenya. Ewart Grogan ndiye aliyeleta mayai yake kutoka Uskoti mwaka 1905 na kuwapandikiza kwenye mto Gura, Aberdare. (Ni yule yule aliyewachapa viboko Waafrika hadharani Nairobi mwaka 1907, kwa hivyo simsifu.) Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikaweka kituo cha kuzalisha trauti Kiganjo. Samaki mgeni, mchezo wa wageni, lakini leo kijana wa kule anapata siku yake ya kazi kwa sababu yake.

Sisi tuna nini? Kaaleng tuna laga, na laga ikijaa unakimbia, huvui. Lakini mto wa mlima tunao Turkana. Turkwel inayopita Lodwar, ile tunayofulia nguo, inaanzia juu ya mlima Elgon ikiitwa Suam. Shida ni kwamba ikifika Lodwar imeshapata joto na rangi ya chai ya maziwa, na trauti anataka maji baridi. Kwa hivyo tafadhali, mtu asiende kaunti kuomba trauti.

Teremka Lokitaung mpaka Lowarengak, utalikuta ziwa. Humo kuna mbuta, na huyu hakuletwa na mtu. Ziwa Victoria alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, huku kwetu ni mwenyeji tangu zamani. Anaweza kupita kilo 100. Kuna pia yule samaki wa milia mwenye meno kama msumeno, wazungu humwita tiger, anakata mshipi kama uzi wa kushonea. Wote wawili wanafuata nzi bandia. Miaka ya 1960 tayari wageni walikuwa wakija Ferguson's Gulf na Loiyangalani kuvua mbuta kwa mchezo. Kwa hivyo sijabuni kitu hapa.

Sisi tukiota kuhusu ziwa, tunaota jengo. Lipo moja Kalokol, kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa na Wanorwe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki kwenye joto lile kulikula umeme kuliko samaki walivyoleta pesa, na maji ya ghuba yakarudi nyuma. Kilifanya kazi muda mfupi tu. Kijana wa Kalokol anayejua upepo wa usiku unatulia saa ngapi, mamba wanalala upande gani na mbuta wanapanda lini, huyo hakuna mfadhili aliyemhesabu. Hata sisi wenyewe hatumhesabu. Tunamwita mtu asiye na mifugo.

Na mifugo yenyewe iko wapi? Ukame wa 2020 mpaka 2023 uliimaliza kwa familia nyingi, ndiyo maana nusu ya rika langu liko Kakuma na Lodwar kwenye bodaboda, wote tukigombania abiria mmoja.

Utaniambia usalama. Ni kweli. Februari 2025 wavuvi wetu walishambuliwa upande wa Todonyang, na hakuna mgeni wa kupelekwa huko kesho. Lakini ziwa ni refu, Kalokol si Todonyang. Utaniambia pia ni aibu kumwachilia samaki mbele ya watu wenye njaa. Hapo nakubaliana na wazee wangu kabisa. Basi yule mdogo arudishwe akue, mkubwa aende kwa aliyeendesha mashua. Sheria ya mchezo si amri ya Mungu.

Ninachoogopa mimi ni kitu kingine: kampuni itakuja kutoka Nairobi na mashua yake, nahodha wake na mpishi wake, na kijana wa ufukweni atapewa kazi ya kubeba mizigo. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, tayari vipo kisheria. Kaunti iwape hao usajili wa waongozaji kabla mgeni wa kwanza hajashuka: maboya ya kuvaa kwa kila mtu, bei ya siku imeandikwa ubaoni pale ufukweni, na jina la mwongozaji liwe la mtu aliyekulia kwenye maji hayo.

Bei ianzie ngapi? Waulizeni wavuvi, msiniulize mimi wa laga.