Gari la jua: hesabu kwanza, ndoto baadaye

Gari la umeme la bei ya chini, lenye pano za jua juu yake, lisilohitaji esansi wala waya wa SNEL: kwa mtu wa Goma, Bukavu, Butembo ao Lubumbashi, hakuna ahadi tamu kuliko hiyo. Esansi ikipanda, nauli inapanda, na bei ya unga sokoni inafuata. Lakini ahadi tamu inapaswa kupigiwa hesabu kabla ya kuaminiwa.

Ulaya walikwisha kujaribu. Kampuni ya Sono Motors ya Ujerumani iliahidi gari Sion, lililofunikwa pano mwili mzima, kwa bei ya karibu euro 30.000. Maelfu ya watu waliliagiza. Mwezi wa pili 2023, kampuni iliacha mradi huo kwa kukosa pesa. Mwezi mmoja mbele yake, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitengeneza gari la Lightyear 0 ilitangazwa kufilisika. Gari hilo lilikuwa euro 250.000, bei isiyo ya mwananchi wa kawaida popote duniani.

Shida ni udogo wa paa. Jua kali la saa sita linatoa karibu wati 1.000 kwa kila mita mraba, na pano nzuri inageuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme. Paa la gari dogo lina nafasi ya mita mraba mbili hivi, yaani wati 400. Kwa masaa tano ya jua zuri, zinapatikana kilowati-saa mbili. Gari dogo linakula kama kilowati-saa 15 kwa kilometa 100. Basi jua la siku nzima linalisogeza kilometa 13 tu, tena kama halikuegeshwa kivulini na pano hazina vumbi. Anayeuza gari "lisilochajiwa kamwe" anauza maneno.

Umeme huo huo ukiwekwa kwenye pikipiki, mambo yanabadilika. Pikipiki ya umeme inatumia kama kilowati-saa nne kwa kilometa 100. Zile kilowati-saa mbili zinaisukuma karibu kilometa 50. Na pano zikikaa juu ya nyumba ao kituo, zinaweza kuwa makumi, zikitazama jua kutwa nzima huku motari yuko kazini. Nairobi na Kigali motari wanabadilisha batri kituoni na kuendelea na safari. Kinachokosekana kwetu ni vituo.

Kweli, pikipiki na batri yake ni ghali siku ya kununua. Hapo ndipo vyama vya motari, likelemba na serikali za mikoa vinahitajika: mkopo wa pamoja, kodi nyepesi mpakani kwa pano na batri, na kiwanja cha kituo.

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, kutoka Lualaba na Haut-Katanga, na bado motari wake anapanga mstari kwa esansi iliyotoka mbali. Tena magari mengi ya bei nafuu sasa yanatumia batri zisizo na kobalti. Wakati haungoji inchi. Jua liko, motari wako. Wenye mamlaka waanze na kituo kimoja, kabla ya kungoja gari la miujiza.