Duara Jeusi na Duara Jeupe: Atomi Ndani ya Jiko la Mkaa

Katika vilima vya Nkungu, wilayani Rusizi, sehemu iliyokuwa ya Mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, mvua za Aprili huleta baridi ipenyayo hata blanketi mbili. Mama wa nyumba akisha kuivisha maharagwe hulitazama jiko lake la mkaa, ambalo wenyeji huliita imbabura, akaona makaa yangali mekundu, moshi hakuna, na joto ni tele. Mumewe yuko zamu ya usiku kituoni, watoto wanatetemeka. Lipi lililo jepesi kuliko kuliingiza jiko chumbani na kufunga dirisha? Kando ya meza kijana wake wa sekondari anakariri daftari la kemia: atomi, protoni, elektroni. Hajui kwamba somo analolikariri kwa ajili ya mtihani liko pale sakafuni, linawaka, na laweza kuiua nyumba nzima kabla ya alfajiri.

Neno atomi ni la Kigiriki, na maana yake ni kitu kisichokatika. Mwanafalsafa Democritus alilitumia yapata miaka 2,400 iliyopita, lakini yeye aliwaza tu, hakupima. Ilibidi dunia ingoje mizani. Mfaransa Antoine Lavoisier, aliyekatwa kichwa wakati wa Mapinduzi mwaka 1794, ndiye aliyeonyesha kwa kupima kwamba kitu kikiungua hakipotei; kile kinachotoweka machoni kimo ndani ya gesi, na uzito wake wote hupatikana ukitafutwa.

Baada yake akaja mwalimu. John Dalton, mwana wa mfumaji nguo, alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, Uingereza, akaanza kufundisha akiwa na umri wa miaka 12. Hakuwa mtu wa fahari. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuandika kila siku habari za mvua, upepo na joto, na ni katika kuiwaza hewa ndipo alipoifikia atomi. Hoja yake yaweza kuelezwa kwa mkaa. Kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mkaa, huungana na oksijeni ya hewani na kutoa gesi mbili. Katika ya kwanza, kila kilo 3 za kaboni zimeshikana na kilo 8 za oksijeni. Katika ya pili, kilo 3 zile zile zimeshikana na kilo 4. Si tano, wala sita na robo. Ni nusu kamili. Kama maada ingekuwa kama uji, unaochotwa kiasi chochote upendacho, nusu hiyo kamili isingekuwa na sababu. Bali kama maada ni punje, basi jambo ni wazi: punje moja ya kaboni huchukua punje moja ya oksijeni au punje mbili, wala haiwezi kuchukua moja na robo.

Katika kitabu chake cha mwaka 1808 Dalton alizichora atomi kama maduara madogo. Kaboni aliipa duara jeusi, na mtu aliyewahi kushika mkaa hatauliza kwa nini. Oksijeni akaipa duara jeupe. Jeusi kati ya meupe mawili ni gesi iitwayo leo kaboni-dioksidi, ile tunayoitoa puani. Jeusi na jeupe moja ni kaboni-monoksidi. Tofauti yote kati ya pumzi ya kawaida na sumu kali imo katika duara moja.

Dalton hakuwa sahihi katika kila jambo. Aliamini kwamba atomi haikatiki kamwe, na hapo alikosea. Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge alivumbua elektroni, chembe nyepesi mno yenye umeme hasi, iliyomo ndani ya kila atomi. Kisha mwaka 1911 Ernest Rutherford, akiwa Manchester, mji ule ule alioishi Dalton, akatangaza kwamba karibu uzito wote wa atomi umekusanyika katika kiini kidogo ajabu. Kama atomi ya kaboni ingetanuliwa iwe sawa na uwanja wa mpira, kiini chake kingekuwa punje ya mtama katikati ya uwanja, na kwingine kote ni nafasi ya elektroni tu.

Katika kikundi cha Rutherford alikuwamo kijana ambaye askari yeyote angependa kumjua. Henry Moseley alionyesha mwaka 1913, kwa kutumia miale ya eksirei, kwamba kila elementi ina namba yake katika mstari, kama askari katika gwaride, na namba hiyo ndiyo idadi ya umeme chanya katika kiini. Vita Kuu ilipozuka alijiunga na jeshi akawa afisa wa mawasiliano, akauawa kwa risasi huko Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27. James Chadwick alipoipata nyutroni mwaka 1932, chembe isiyo na umeme, picha ya kiini ilikamilika kwa kadiri ya mahitaji ya mwanafunzi wa sekondari. Hidrojeni ni namba 1, oksijeni ni namba 8. Kaboni ni namba 6: protoni 6 na, kwa kawaida, nyutroni 6 katika kiini, hivyo uzito wake ni 12, na nje elektroni 6, mbili zikiwa karibu na kiini na nne upande wa nje. Hizo nne ndizo mikono yake ya kushikana na wenzake.

Watu wa Ziwa Kivu, ambalo ncha yake ya kusini iko Rusizi, wanaishi juu ya hesabu hii. Chini ya maji yake zimeyeyuka gesi mbili za kaboni, yapata kilomita za ujazo 300 za kaboni-dioksidi na 60 za methani. Methani ni kaboni iliyoshika atomi nne za hidrojeni, mkono mmoja kwa kila moja. Nayo ni fueli, na huko Karongi imekuwa ikivutwa kutoka zaidi ya mita 300 chini ya maji na kuzalisha umeme tangu mwaka 2016. Kaboni-dioksidi haiwaki. Uzito wa molekuli yake ni 44, hali wa hewa ya kawaida ni kama 29, basi hutulia mabondeni. Karibu na Goma, mahali ambapo gesi hiyo hutoka ardhini na kujaa mashimoni, Waswahili wamepaita mazuku, na mbuzi aingiaye humo asubuhi yenye utulivu hatoki.

Kaboni-monoksidi ina uzito wa 28, karibu sawa na hewa. Kwa hiyo haitulii sakafuni wala haipandi darini ikabaki huko. Huchanganyika na kukijaza chumba chote, kitandani na mkekani sawasawa. Haina rangi wala harufu. Nayo huzaliwa hasa katika makaa mekundu yasiyo na moshi, yale yanayodhaniwa kuwa salama. Hewa iingiapo chini ya jiko hufanya kaboni-dioksidi. Gesi hiyo ikipanda kupitia makaa ya moto hukutana na kaboni nyingine, ikaipa atomi moja ya oksijeni, zikawa molekuli mbili za monoksidi. Ule mwali wa samawati unaocheza juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Mwali ukizimika, gesi hutoka nzima nzima.

Ndani ya mwili huishika himoglobini, ile protini ya damu ichukuayo oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha humjia usingizi, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa aliyelala hawezi kuamka akafungue mlango. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii, maana gesi hii karibu haiyeyuki majini. Kuyafunika makaa kwa majivu pia hakusaidii. Ni kuyanyima hewa zaidi.

Jiko na likae nje mpaka lizimike kabisa, na watoto wapewe nguo nzito au walale pamoja. Akikutwa mtu amelegea katika chumba chenye jiko, milango na madirisha yafunguliwe, atolewe nje upesi, kisha apelekwe hospitali hata kama amezinduka. Huko atapewa oksijeni nyingi kwa saa kadhaa, mpaka duara jeusi na mwenzake jeupe wasukumwe watoke katika damu.