Karte yako mulangoni mwa bwati: nani anabakia nayo?

Mu jimbo la Queensland, kule Australia, tangu tarehe 1 Julai 2017, kuingia bwati usiku mu maeneo fulani ya starehe kunaomba karte. Kumuonyesha tu mulinzi haitoshi. Karte inapita kwenye mashini, mashini inachukua jina, sura na tarehe ya kuzaliwa, kiisha inaangalia kama jina hilo liko kwenye liste ya wale ambao polisi ao tribinali wamewakataza kuingia. Ukiwa haumo, mulango unafunguliwa.

Tunaileta habari hii kwa wasomaji wetu kwa sababu mumoja wa miji yenye sheria hiyo, Mackay, ni muji wa ba mine. Wachimba makaa ya mawe wanashuka pale na mushahara wao, wanatafuta bia na muziki, sawa vile kwetu Kolwezi ao Likasi.

Sababu ya serikali ya kule si ya kuchekelea. Ulevi ulikuwa unaleta mapigano, watu wanavunjwa taya, wengine wanakufa kwa ngumi moja. Siye pia tuko na ndugu waliorudi na kichwa kimepasuka siku ya mushahara. Na ba mama watasema: njo vizuri, angalau tutajua baba alikuwa wapi. Sawa, mama. Lakini jibu hilo likishaandikwa mu mashini, si wewe peke yako utakayetaka kulisoma.

Angalia kipimo cha pombe kwenye geti ya mine. Unapuliza, wanaona kama leo uko muzima wa kushuka shimoni, basi. Swali ni la kazi na linahusu saa ile. Liste ya bwati inasema kitu kingine: Ijumaa ulikuwa wapi, uliingia saa ngapi, na ukiilinganisha na majina mengine, ulifika pamoja na nani. Mukubwa wa kazi anayetafuta wa kupunguza angeipenda sana liste ya namna hiyo. Bwana anayemupiga bibi yake na kumufuata kila pahali angeipenda zaidi.

Watu wa Queensland wanajibu kwamba sheria yao inalazimisha kufuta habari hizo kisha siku 30. Ni kweli, na si kitu kidogo. Hata Kings Cross, mutaa wa bwati mu Sydney, mashini za namna hiyo ziliwekwa mu 2014 na kuondolewa mu 2021. Lakini sheria inafuta kitu kama yule anayekishika anatii, na kama anajua kweli kiko wapi.

Njo pale mwaka 2024 ulitufundisha. Mu jimbo la New South Wales, ambalo Sydney ni muji wake mukubwa, sheria inaomba klabu za wanachama ziandike wageni wote wanaoingia. Klabu nyingi hazikutaka kuandika mu kitabu. Zilitumia mashini za kampuni moja, Outabox. Mu mwezi wa tano wa mwaka ule, habari za wageni zilionekana wazi kwenye intaneti: rekodi zaidi ya milioni 1, majina, adresi, hata karte za kuendesha motokari. Wale walioziweka pale waliandika kwamba kazi ya programu ilipewa watu wa Ufilipino, na kwamba watu hao hawakulipwa. Polisi walimukamata mutu mumoja mu Sydney.

Hakuna mufanyakazi wa mine atakayeshangaa. Ni sutretansi ileile tunayoijua. Kampuni kubwa inapatia ya kati, ya kati inapatia ndogo, na mwisho wa mulolongo kuko kijana asiyelipwa, mwenye funguo ya kila kitu mukononi. Mugeni wa klabu alimupa karte yake musichana wa mulangoni. Hakujua kama alikuwa anaitoa kwa mutu wa bara lingine mwenye njaa na hasira.

Na siye tunatoa karte gani? Kwa miaka mingi karte ya kura njo imekuwa kitambulisho chetu. Iko na majina ya baba na mama, adresi, na asili: teritware, jimbo. Mu Katanga neno asili si la kuchezea. Wale waliokuwa Likasi na Kolwezi mu 1992 na 1993 walimuona jirani akingoja treni na magodoro yake kwenye gari, kwa sababu ya asili tu. Wakati ule ilibidi watu waulizane. Mafungu ya fotokopi za karte zetu, kwenye ofisi za kuandikisha kazi, kwa wauza laini za telefone, mu mapokezi ya hoteli, hayaulizi mutu, yanajua tayari.

Inchi yetu iko na sheria. Code ya numérique ya tarehe 13 Machi 2023 iko na sehemu nzima ya kulinda habari za mutu: kazi yake ijulikane mbele ya kuzichukua, na mwenyewe aweze kuuliza ziko wapi na kuzisahihisha. Ni maandishi mazuri. Mulangoni saa sita ya usiku, mbele ya mulinzi mwenye mabega mapana, nani atayafungua? Kazi hiyo ni ya sendika. Liko na dawati na saa za mchana, na linaweza kuiuliza kampuni kwa barua: fotokopi za wafanyakazi, na alama za vidole za kwenye geti, ziko kwa nani, mpaka siku gani, na sutretanti gani ana funguo. Barua ya namna hiyo haigomeshi kazi hata saa moja.

Kwa mutu mumoja mumoja, tunajua njia ndogo. Ukiombwa fotokopi, andika juu yake kwa biki, katikati ya maandishi bila kufunika jina: tarehe, jina la yule unayemupatia, na sababu. Fotokopi hiyo ikitokea pahali pengine, itajulikana ilitoka kwa nani. Na pale wanapotaka kuona tu, karte ibaki mu mukono wako.