MCHOMA MAKAA SI MWIZI



Sisi watu wa njia ya reli twayaona magunia ya makaa kila siku, toka Voi mpaka Kibwezi, yamepangwa kando ya barabara kama askari. Twasikia pia maneno ya mabwana wa mjini, kwamba mchoma makaa ndiye adui wa nchi. Bwana huyo jioni hula nyama choma. Imechomwa kwa nini, kwa mwanga wa mwezi?

Reli hii yenyewe katika miaka yake ya kwanza ilikwenda kwa kuni, wala haikuitwa mwizi. Serikali ilipanda mikaratusi kusudi injini zipate kuni. Mbona reli ilipandiwa miti, na mchoma makaa awekewa kizuizi tu?

Februari 2018 Serikali ilikataza kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku hizo ziliongezwa tena na tena hata 2023. Je, makaa yalikwisha? Bei ilipanda Nairobi, na mke wa mfanyakazi akalipa. Ile faida iliingia mfuko wa nani? Tuulize njiani, si msituni, maana kila kizuizi kina mkono wake.

Sasa tazameni gunia. Mchoma makaa huuza gunia, si kilo. Mnunuzi huja na gunia lake, amelishonea kichwa juu, lachukua zaidi kwa bei ile ile. Kisha sisi twauziwa kwa mkebe, na mkebe umebonyezwa chini! Mwenye kuchoma aibiwa, mwenye kupika aibiwa, na hawa wawili hawajuani.

Wachoma makaa nao wasikie. Tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 au 15 za makaa. Tanuri lenye bomba la moshi, lile liitwalo Casamance, laweza kutoa 25 na zaidi, kuni zikiwa kavu na mwenyewe akiwa macho. Anayechoma kuni mbichi kwa haraka amekata miti miwili apate makaa ya mmoja. Huyo hatumtetei. Tena Baringo kuna mathenge, mti uliowachosha wafugaji, ukikatwa wachipuka tena. Kwa nini kuuacha huo na kukata mgunga wa miaka mingi?

Kanuni za makaa za 2009 zilitaka wachomaji wajiandikishe katika vyama. Chama twakijua sisi. Mtu mmoja akidai mizani hufukuzwa. Watu mia wakidai, mizani huletwa.

Twaomba Katibu wa Tawi alete jambo hili katika mkutano ujao: tununue makaa kwa kilo, moja kwa moja kutoka chama cha wachomaji wenye kibali na wenye kupanda miti. Mizani tutachanga wenyewe.