Habari ipimwe kabla ya kusambazwa

Kijana wa mafundisho ya kipaimara alisambaza kwa WhatsApp kwamba mzee mmoja wa kigango amefariki. Wanawe wakaanza kulia. Mzee alikuwa shambani, anapalilia.

Kabla ya kumlaumu kijana, tujiulize: tulimfundisha? Mwinjili Luka anaanza kwa kueleza kwamba alichunguza mambo yote tangu mwanzo, akifuata walioyashuhudia. Wazazi na makatekista, chukueni habari moja: isomeni gazetini, isikilizeni redioni, itazameni kwenye simu. Waulizeni vijana: nani amesema? Nani aliona? Ikiwa si kweli, nani ataisahihisha? Gazeti nalo hukosea, lakini lina mhariri wa kuulizwa. Kwenye simu, mhariri ni wewe unayesambaza. Amri ya nane inakuhusu hapo pia.