Bogarde: Mshahara mnono, mechi kiduchu

Leo sina habari za mapenzi wala za mavazi. Leo nina swali moja tu la mshiko, na naomba usilijibu kwa pupa.

Bosi amekusainisha mkataba wa miaka minne kwa mshahara wa kufa mtu. Hata mwezi haujaisha, anafukuzwa yeye, anakuja bosi mwingine. Huyu mpya anakutazama juu mpaka chini, anakwambia hana kazi na wewe, katafute kwingine. Ukiulizia kwingine, mshahara haufiki hata nusu. Je, utafungasha virago ili watu wasikuite king'ang'anizi? Au utakaa na karatasi yako mpaka siku ya mwisho?

Subiri kwanza. Vuta kiti nikupe kisa cha Winston Bogarde, beki wa Uholanzi.

Vijana wengi wanalijua jina hili kwenye zile orodha za usajili uliobuma. Mtu anacheka, anapita. Lakini usidhani jamaa alikuwa garasa. Bogarde alizaliwa Rotterdam mwaka 1970, akapitia timu ndogo za kwao kabla ya kung'ara Sparta Rotterdam. Mwaka 1994 akachukuliwa na Ajax ya Louis van Gaal, ile Ajax ya akina Seedorf, Davids, Kluivert na Kanu. Pande la mtu, mguu wa kushoto, anacheza beki ya kushoto au ya kati, na winga akipita upande wake anapita kwa adabu.

Mwaka 1995 Ajax ikatwaa Kombe la Ulaya kwa kuilaza AC Milan 1-0. Fainali ile Bogarde hakucheza, lakini alikuwemo kikosini. Mwaka uliofuata Ajax ikaenda tena fainali, safari hii mjini Rome dhidi ya Juventus, na Bogarde akaanza. Dakika 120 zikaisha 1-1, Ajax ikafa kwa penalti. Ubingwa wa ligi ya Uholanzi alikuwa nao, jezi ya timu ya taifa alikuwa nayo. Huyo ndiye garasa wenu!

Sasa hapa kuna jambo lazima tulielewe, maana ndilo lililozaa mshiko wote ule. Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya mchezaji mmoja wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman. Kabla ya hapo, mchezaji akimaliza mkataba wake, klabu bado iliweza kumshika mguu mpaka ilipwe ada ya uhamisho. Mahakama ikasema hapana, mkataba ukiisha mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya ni mtu huru, aende anakotaka.

Matokeo yake yakawa rahisi kama kuhesabu vidole. Klabu inayokuchukua bure imeokoa mamilioni ya ada. Mchezaji mwenye akili anauliza: hayo mamilioni mliyookoa yako wapi? Nami nipeni changu! Ndiyo maana mishahara ikapaa. Ajax ikabaki mikono mitupu huku vijana wake wakiondoka mmoja mmoja bila senti kuingia klabuni. Bogarde alikuwa mmoja wao, akaenda AC Milan mwaka 1997.

Milan mambo hayakumwendea. Alicheza mechi chache tu, na nusu msimu haukupita akatua Barcelona, tena kwa mzee wake Van Gaal. Barcelona ya wakati ule ilijaa Waholanzi kama basi la asubuhi: Kluivert, Cocu, Reiziger, baadaye na mapacha wa De Boer. Timu ikabeba ubingwa wa Hispania mwaka 1998 na 1999. Katikati ya raha hiyo kukawa na kilio. Kombe la Dunia la 1998 kule Ufaransa, Uholanzi ikiwa mbioni kuelekea fainali, Bogarde akavunjika mguu mazoezini. Akapona, akarudi, na mwaka 2000 akawa kwenye kikosi cha Uholanzi cha Kombe la Mataifa ya Ulaya.

Mwaka huohuo wa 2000 Van Gaal akaondoka Barcelona, na Bogarde naye akaambiwa atafute maisha. Ndipo Chelsea wakapiga hodi. Kocha alikuwa Gianluca Vialli, timu imetoka kutwaa Kombe la FA, na mchezaji anapatikana bure. Mwisho wa Agosti akasaini miaka minne. Magazeti ya Uingereza yakaandika kuwa mshahara ni pauni 40,000 kwa wiki. Kwa wiki, sio kwa mwaka!

Tarehe 12 Septemba 2000, Vialli akafukuzwa. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Akaja Claudio Ranieri, na mipango yake haikuwa na nafasi kubwa kwa Bogarde. Msimu ule wa kwanza alicheza mechi 9 za ligi. Misimu mitatu iliyofuata hakucheza ligi hata dakika moja. Klabu ikataka aondoke. Akashushwa kwenye mazoezi ya kikosi cha akiba na vijana, akawa anakimbizana na watoto ambao wengine walikuwa bado shule ya msingi wakati yeye anacheza fainali ya Ulaya.

Bogarde akaenda mazoezini, akarudi nyumbani. Kesho yake akaenda tena. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Hakumshikia mtu bunduki asaini. Klabu yenyewe ndiyo iliyoandika mkataba, na tangu siku wino ulipogusa karatasi, fedha zile ni zake. Kwa nini azitupe? Klabu nayo isingeweza kumfukuza bila kumlipa, maana kosa hakuwa nalo. Mtu anafika kazini, anafanya anachoambiwa, utamfukuza kwa lipi?

Tupige hesabu kidogo. Pauni 40,000 mara wiki 52, mara miaka minne, unapata pauni 8,320,000. Gawanya kwa mechi 9 za ligi. Kila mechi moja iliigharimu Chelsea zaidi ya pauni 900,000. Kuna washambuliaji walionunuliwa kwa bei hiyo.

Cha kuchekesha zaidi, mwaka 2003 Roman Abramovich akainunua klabu, akamwaga fedha kama mvua ya masika, na Mei 2004 Ranieri mwenyewe akatimuliwa. Bogarde alikuwa bado yupo! Mkataba wake ukaisha majira yaleyale ya kiangazi, akachukua chake cha mwisho, akaondoka.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kuna wanaosema jamaa ni mvivu, kala fedha ya bure, kawadhalilisha wachezaji wenzake. Mimi siungi mkono. Wewe uliyewahi kufanya kazi bila karatasi, ukaambiwa kesho usije, hakuna notisi wala kiinua mgongo, unajua uchungu wake. Bosi akivunja ahadi tunasema ndivyo kazi zilivyo. Mfanyakazi akishikilia ahadi ileile tunasema ana tamaa. Wapi na wapi? Chelsea walikuwa na wanasheria na wahasibu. Kama mkataba ulikuwa mbaya, mbaya wake waliuandika wao. Bogarde alidai kilichoandikwa, hakuzidisha hata senti.

Lakini msikimbilie kupiga makofi, kuna upande wa pili.

Aliposaini Chelsea, Bogarde alikuwa na miaka 29. Mkataba ulipokwisha, alikuwa anakaribia 34. Kwa beki, hiyo ndiyo miaka ya kuvuna. Miguu bado ina nguvu, kichwa kimeshajifunza. Yeye aliitumia kwenye viwanja vya mazoezi visivyo na watazamaji. Timu ya taifa ilimpa mechi 20 tu, na baada ya mwaka 2000 haikumwita tena. Alipotoka Chelsea hakupata timu nyingine ya kuchezea, na mwaka 2005 akatangaza kustaafu. Aliyeanza fainali ya Ulaya akamalizia soka yake kimyakimya, bila hata mechi ya kuagwa.

Karatasi ilimlinda mshahara. Umri haukuandikwa mle ndani, na hakuna mwanasheria wa kuurudisha.

Ndiyo maana nikakuomba usijibu kwa pupa. Rafiki yangu mmoja niliyempa kisa hiki alisema bila kufikiri: ningekaa, hata miaka kumi! Nikamuuliza, hata kama wewe ni mpiga gitaa, na sharti ni kutoligusa jukwaani miaka minne? Akanyamaza. Akaagiza chai nyingine. Mpaka tunaagana hakunijibu.

Mimi kwa upande wangu? Ningekaa mwaka wa kwanza kwa hasira, ili wajue kwamba ahadi ni deni. Mwaka wa pili sina hakika. Nadhani Jumamosi moja ningesikia kelele za uwanjani kwa mbali, na miguu ingeanza kuniwasha.

Bogarde hakuishia kwenye vichekesho. Alirudi Ajax, akaanza kufundisha vijana, kisha akapanda mpaka kuwa msaidizi wa Erik ten Hag kwenye timu kubwa. Kijana wa hapo alipokwenda kusaini mkataba wake wa kwanza, huyo alikuwa mtu wa kuulizwa. Anajua karatasi inampa mtu nini, na anajua pia inamnyima nini.

Basi ndugu yangu, ukipewa mkataba wiki hii, uwe wa kuuza duka au kuendesha gari la mtu, usome mpaka nukta ya mwisho kabla ya kusaini. Angalia mshahara, angalia na miaka, ujiulize miaka hiyo utakuwa unafanya nini hasa. Wenye majibu yenu ya lile swali la mwanzo niandikieni, ila wale wa kukaa miaka kumi naomba mnieleze vizuri.

Tukutane wiki ijayo, hapahapa.